Fundi, Soma Kibao cha Mashine Kabla ya Kutoa Akiba Yako



Katika viwanda na mashamba ya chai ya hapa Gisenyi na pembeni yake wako wenzetu wengi wenye mikono ya ufundi. Wako wa mitambo, wa umeme, wa boila, wa mapampu. Mtu wa namna hii anaweza kufungua pampu gizani na kuirudisha ikafanya kazi. Mashine ya kuchomelea ya kwake mwenyewe hana. Basi siku akiba ya ikimina inapotimia, au anapoona miaka ya kustaafu inakaribia, wazo la kwanza linalomjia ni kununua moja, aiweke uani, atengeneze milango, madirisha na mageti. Ni wazo zuri na mimi silipingi. Ninalotaka kusema leo ni kwamba mtu huyu, mjuzi wa mitambo lakini mgeni wa kuchomelea, ndiye anayenunua vibaya kuliko wote.

Sababu yake si ngumu kuijua. Asiye fundi akitaka kununua mashine huenda kwa wanaosudira, akakaa, akatazama, akauliza. Fundi huona haya kuuliza. Anaingia dukani, anaigeuza mashine huku na huku, anaigonga ubavuni, anauliza uzito wake, kisha anatoa pesa. Kichwani ana picha ya mashine ya kiwandani, ile iliyofungwa kwenye fezi tatu na nyaya nene kama kidole gumba. Na katika mji huu macho yetu yamezoea kazi kubwa. Tangu 1963, na kwa miaka mingi baada ya hapo, gesi ya methani ya ziwa Kivu ilitolewa pale Rubona ikapelekwa kwenye boila za kiwanda cha bia. Mabomba ya gesi na ya mvuke hayachomelewi kwa mashine ya kuchezea. Lakini wewe, ndugu, hujaombwa kujenga bomba la gesi. Umeombwa mlango wa choo na dirisha la jikoni.

Nina mwenzangu mmoja, fundi wa mapampu wa zamu ya usiku. Jina lake nitalihifadhi. Baada ya matetemeko ya Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na nyumba nyingi za upande wetu zikapasuka, aliona watu wanajenga upya na kutafuta milango. Akachukua akiba ya miaka miwili, akanunua mashine kuukuu ya transfoma, ya ampea 300, yenye magurudumu. Muuzaji alimwambia inakubali umeme wa nyumbani, na kweli ilikuwa na sehemu ya volti 230. Siku ya kwanza alipogusisha kijiti kwenye chuma, swichi kubwa ya nyumba ilikata umeme. Akairudisha, ikakata tena. Kesho yake akafanya jambo ambalo fundi hapaswi kulifanya: akaondoa swichi ile akaweka kubwa zaidi. Sasa umeme haukukatika, ila nyaya za ndani ya ukuta zikaanza kupata moto na taa za majirani zikawa zinafifia kila alipochoma. Majirani walikuja mlangoni, tena hawakuja kuagiza mageti.

Mkasa haukuishia hapo. Milango aliyoahidi ilikuwa ya vyuma vya mraba vya unene wa milimita 1.5. Chuma cha namna hiyo kinataka ampea 50 hadi 70. Mashine yake, hata ilipopunguzwa hadi mwisho, ilianzia ampea 80. Kila alipogusa ilitoboa. Aliiuza kwa nusu ya bei, na deni la ikimina analilipa mpaka leo kutoka kwenye mshahara wa kiwanda. Hakuna aliyemwibia. Alinunua mashine nzuri kwa kazi ambayo hakuwa nayo.

Kwa hiyo mimi nasema tuanze na waya unaoingia nyumbani, ndipo twende dukani. Soma namba iliyoandikwa kwenye swichi inayolinda nyumba yako. Tuseme ni ampea 20. Kwa volti 230, hiyo ni VA 4,600, na huna zaidi. Sasa tufanye hesabu ya upande wa chuma. Moto wa kuchomelea kwa vijiti hukadiriwa hivi: volti 20, ongeza ampea mara 0.04. Ukichoma kwa ampea 80, unapata volti 23.2, maana yake wati 1,856 kwenye chuma chenyewe. Mashine ya inveta hupoteza kidogo ndani yake, tena huvuta umeme kwa mikupuo, kwa hiyo mpaka ukutani inafika kama VA 3,300, yaani ampea 14 au 15. Swichi yako inavumilia. Mashine ya zamani ya transfoma, yenye volti 70 kabla kijiti hakijawaka, kwa ampea 80 zilezile inavuta 70 mara 80, ndiyo VA 5,600, ambayo ni ampea 24. Swichi yako inakata. Kazi ni ileile, chuma ni kilekile. Hesabu hii mwenzangu angeifanya kwa kalamu na karatasi ya sigara kabla ya kutoa faranga hata moja, maana hesabu ya pampu anayoifanya kazini ni ngumu kuliko hii.

Tukiwa hapo kwenye umeme, niondoe woga mmoja. Wengi wanaogopa kwamba mashine itamaliza uniti za Cash Power. Kijiti kimoja cha milimita 2.5 kinaungua karibu dakika moja. Kwa inveta, vijiti 25 hivi vinakula uniti moja. Vijiti vyenyewe, mawe ya grenda na chuma ulichokikata vibaya ndivyo vinavyomaliza pesa. Ila transfoma ikiachwa inanguruma bila kazi tangu asubuhi, hiyo nayo inakula kimyakimya.

Sasa twende dukani. Usisome namba kubwa iliyopakwa rangi ubavuni mwa mashine. Namba ile ni ya kuvutia macho. Nimeona mashine ndogo ya kubebwa kwa mkanda begani imeandikwa 300, nayo waya wake wa kuingizia umeme ni mwembamba kama wa pasi. Tafuta kibao kidogo cha nyuma au cha chini. Kama hakuna kibao, mwachie mwenye duka mashine yake.

Kwenye kibao tafuta herufi X. Hapo utaona asilimia, na chini yake ampea. X inahesabiwa kwa dakika kumi katika joto la digrii 40. Ikiwa imeandikwa ampea 160 kwa asilimia 20, maana yake ukiichoma kwa ampea 160 itafanya kazi dakika mbili na kupumzika dakika nane. Wengi wakisoma hapo hukata tamaa. Wasikate. Ukipunguza ampea, mapumziko yanapungua haraka: mashine hiyohiyo itachoma kwa ampea 92 dakika sita katika kumi, na kwa ampea 71 itachoma bila kupumzika. Mlango wa milimita 1.5 uko hapo hapo kwenye 60 na 70. Kwa maoni yangu, inveta ya kweli ya ampea 160 inamtosha mwanzo wa safari yake fundi yeyote wa mageti, na ya 200 inamtosha hata atakapoanza kutengeneza matela na majembe ya kukokotwa.

Kibao hichohicho kina I1max na I1eff. Hizo ni ampea za upande wa ukuta: ya kwanza ndiyo kubwa kabisa inayoweza kuvutwa, ya pili ndiyo ya kuchagulia waya na swichi. Tena tafuta herufi S ndani ya kisanduku. Alama hiyo inasema mashine imetengenezwa ili iweze kutumika hata mahali pa hatari zaidi, penye unyevu au palipobana kati ya vyuma. Kwa mashine za umeme wa kubadilika-badilika, yaani zile za transfoma, volti za kusubiri hazitakiwi kuzidi 48 ili zipewe alama hiyo, na mashine nyingi kuukuu zinapita hapo. Sisi tunaokaa kando ya ziwa, tunachoma uani juu ya udongo uliolowa mvua, viatu vimetoboka. Herufi hiyo ni ndogo lakini ni roho ya mtu.

Wazee wa kazi watanikatiza hapa. Watasema transfoma haifi, na inveta ni redio tu, ikiungua imeungua. Maneno yao yana ukweli na sitayafunika. Mashine ya transfoma ya nyaya za shaba ikiungua, fundi wa kusuka mota ataisuka upya, nayo itachoma miaka mingine ishirini. Lakini siku hizi transfoma nyingi za bei ndogo zimesukwa kwa alumini, na hizo hazina sifa za wazee wetu. Na inveta si mtoto wa jana. Kampuni ya Kemppi ya Finland ilitoa mashine yake ya kwanza ya inveta mwaka 1977, mwaka uleule Nyiragongo ilipomwaga lava na kuua watu upande wa Goma. Ni karibu nusu karne sasa.

Mwenye laini nzito ya umeme, anayechoma chasisi za malori na mabomba manene, na anunue transfoma ya shaba, mimi nitamsaidia kuisukuma. Mwenye nyumba ya kupanga, mwenye laini ndogo, anayeanza na vyuma vyembamba, achukue inveta. Inawasha kijiti kwa urahisi, na mkono wa mgeni unahitaji msaada huo. Tena inatoa umeme wa upande mmoja, kwa hiyo unaweza kuweka kijiti kwenye hasi unapochoma chuma chembamba, kisitoboke ovyo, au kwenye chanya unapotaka moto uzame. Inabebwa mkononi mpaka kwa mwenye kazi, na kazi nyingi za vijijini ziko kwa mwenye kazi.

Adui wa inveta ni vumbi. Ndani yake mna feni inayovuta hewa, na ikivuta vumbi la chuma kutoka kwenye grenda, vumbi hilo hukaa juu ya saketi na kuunganisha vitu visivyotakiwa kuungana. Yangu iliungua mara moja, na kosa lilikuwa langu: nilikuwa nasaga chuma nyuma yake kabisa, kwa sababu ndipo palikuwa na kivuli. Tangu siku hiyo mashine hukaa upande unakotoka upepo, na kila mwezi naifungua na kuipuliza kwa hewa kavu, ikiwa imechomolewa kwenye umeme kwa muda wa kutosha. Jambo jingine ambalo sijamsikia mwenye duka akilitaja: vipimo vya kibao vinahesabiwa mpaka kimo cha mita 1,000 juu ya bahari. Ziwa letu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi, na mashamba ya chai yako juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, inapoza kidogo kuliko ya Mombasa. Bahati yetu ni kwamba hata baridi yetu ni ya huku, hatufiki digrii 40, basi mambo yanakaribia kulingana. Ila usiifunike mashine kwa gunia wakati inafanya kazi, kama nilivyomwona mmoja akiilinda na jua.

Kabla ya kulipa, uliza swali moja kubwa: nani atanitengenezea? Nenda kwa vijana wa agakiriro, uwaulize ni mashine za aina gani wanazofungua na kuzirudisha, na za aina gani wanatoa vipuri tu. Mashine ambayo hakuna mtu mjini aliyewahi kuifungua, hata ingekuwa ya dhahabu, si ya kwako. Ukivuka mpaka kwenda Goma kutafuta bei ya chini, kumbuka kuwa utaivusha tena siku itakapoharibika.

Kuhusu mashine za waya zenye mtungi wa gesi, nitasema machache. Ni nzuri kwa mabati ya magari na ndani ya karakana iliyofungwa. Uani, upepo wa ziwa unapoanza mchana, unapeperusha gesi na kazi inakuwa kama sifongo. Mtungi nao unataka kujazwa, na mgeni hana wateja wa kuujaza. Iwe mashine yako ya pili au ya tatu.

Vijiti, ambavyo sote hapa tunaviita bageti, anza na 6013 za milimita 2.5, na za milimita 2 kwa vyuma vyembamba kabisa. Za 7018 ni imara zaidi, lakini zikishika unyevu zinaharibu kazi, na Gisenyi unyevu haununuliwi. Hata hizo 6013 ziweke kwenye kopo lenye kifuniko, usizilaze sakafuni.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Mwenzetu akiwa na pesa ya mashine, anaitoa yote kwenye mashine. Kinyago ananunua kile cha plastiki cha bei ya mwisho, au anatumia miwani ya jua. Glovu hana. Aproni hana. Kiwandani sisi hao hao tunapaza sauti, na kwa haki, kwa sababu sheria ya kazi ya 2018 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Tukirudi nyumbani tunakuwa waajiri wa miili yetu wenyewe, na tunajinyima kile tunachomdai tajiri. Kijana anayetushikia chuma, mara nyingi ni mtoto wa ndugu, hatumpi kitu kabisa. Anageuza uso tu.

Mwanga wa kuchomelea hauumizi saa ileile. Unaumiza usiku, saa sita au saba, macho yanakuwa kama yametiwa mchanga. Kioo cha namba 10 au 11 ndicho cha kazi zetu, na kiwe cha mtengenezaji anayejulikana. Moshi ndio mbaya zaidi kwa sababu hauumi. Mwaka 1997 wala 2007 hatukuwa na la kusema kwa uhakika, lakini mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, pamoja na vitu vinavyojulikana kwa hakika kuleta saratani kwa binadamu. Na bomba lililopakwa zinki likichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Wengi wetu tumefundishwa kunywa maziwa. Maziwa ni chakula kizuri, yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda kwenye mapafu. Saga zinki kwanza, choma nje, simama upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na uso wako. Kwa hiyo katika kila faranga tatu za akiba, mimi natenga moja kwa kinyago, glovu za ngozi, aproni, barakoa ya kuchuja moshi, waya mzuri wa kurudishia umeme na koleo lake. Kama zinazobaki hazitoshi mashine ya 200, nunua ya 160. Kama hazitoshi ya 160, subiri zamu nyingine ya ikimina.

Nina pendekezo kwa tawi letu. Kila mwaka tunachanga pesa za sherehe za Mei Mosi, fulana na vinywaji, na sina ugomvi na vinywaji. Lakini sehemu ya mchango wa mwaka mmoja ingenunua inveta moja na vinyago viwili, ikakaa chini ya mikono ya chama, ili mwanachama anayetaka kununua ya kwake ajaribu kwanza. Mtu akichoma vijiti kilo mbili juu ya vyuma chakavu, atajua kama mkono wake uko tayari, na atajua anahitaji ampea ngapi. Nilipolisema hili kwenye mkutano, mmoja aliuliza: ikiungua, nani atalipa? Nikamjibu: wewe na mimi na wote, kama tunavyolipa sasa deni la mwenzetu wa zamu ya usiku kila anapokuja kukopa unga. Mwingine akasema vyuma chakavu vitatoka wapi. Ndugu, katika mji wenye mabati na nondo za nyumba zilizobomoka, hilo si swali.

Mkutano wa tawi utaliangalia tena jambo hili. Likikubaliwa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda ukishaisha, nitakuwa hapo na kinyago changu na kopo la bageti. Atakayekuja aje na viatu visivyotoboka, na aandike kwenye karatasi namba ya swichi ya nyumbani kwake.